Papa Alphonse Murhula, Mwalimu Aliyekataa Kuzika Mgomba

Ndugu, majirani wa Nguba, walimu wenzake na ninyi nyote aliowafundisha: maisha yanayosomwa mbele ya jeneza hili ni ya Papa Alphonse Murhula. Familia imeomba yasomwe yote, hata mahali ambapo wengine wangependa turuke.

Alizaliwa Walungu tarehe 14 Septemba 1957, mtoto wa pili wa Papa Jean-Marie na Mama Virginie. Alikulia katika boma lenye kaburi lisilo na mtu. Mwaka 1916, Wabelgiji walipokwenda Tabora kupigana na Wajerumani, babu yake, ambaye ndiye aliyemwachia jina la Murhula, alikamatwa shambani akatwishwa sanduku la risasi. Hakuwa na ugomvi na Mjerumani yeyote, wala hakujua Ubelgiji iko upande gani. Miaka ikapita bila habari. Ukoo ukafanya unavyofanya kwa mtu aliyepotea: wakakata mgomba, wakauzungushia mkeka, wakaulilia na kuuzika kwa jina lake. Baadaye mpagazi mwenzake alifika bomani akieleza kwamba walikuwa wakirudi pamoja, wazima wote wawili, mpaka Kamanyola, karibu kufika nyumbani. Hapo Murhula alipata habari kutoka kwa mtu wa kwao kwamba amekwisha kuzikwa. Aliyezikwa haingii tena nyumbani kwake, maana anaingia na kifo. Akageuka, akarudi alikotoka. Hakuonekana tena.

Papa Alphonse alisema hata uzeeni kwamba alipopita karibu na lile tuta la kaburi aliona aibu, kama mtu aliyemfungia mgeni mlango kwenye mvua.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa Walungu, kisha sekondari hapa Bukavu, na mwaka 1983 akapata lisansi, yaani shahada, ya historia. Alianza kazi Bunyakiri. Mwaka 1987 alihamia shule moja ya Ibanda, hapa mjini, na huko aliendelea kufundisha mpaka miguu ilipomshinda.

Waliopita darasani kwake wanalikumbuka somo la vita vya 1914. Aliwasimamisha wanafunzi mbele, kila mmoja akiwa nchi, akawafunga viunoni kwa kamba za migomba kufuatana na mikataba yao. Kila nchi ilitakiwa kujisifu kwa sauti kwamba hakuna iliyo bora kuliko yenyewe. Kisha alimsukuma mmoja tu, na wote wakaanguka mmoja baada ya mwingine, darasa likicheka. Walipoinuka, alimwita mwanafunzi aliyekuwa amekaa nyuma bila kamba yoyote, akamrundikia mikoba ya wote.

Mwaka mmoja binti aliyebebeshwa alimuuliza: "Prof, miye sina hata kamba. Juu ya nini niko nabeba?"

"Njo somo yenyewe, mama," akamjibu. "Kaa nayo kwanza."

Alimwacha na mikoba ile mpaka kengele.

Tarehe 27 Agosti 1988 alifunga ndoa na Bibi Godelive, mwalimu wa Kifaransa. Siku hiyo padri, katika mahubiri yake, alitaja mwaka ambao parokia ilianzishwa, na bwana harusi akamsahihisha kwa sauti ya chini. Padri akamtazama. "Alphonse, leo unajibu tu ndiyo." Kanisa zima lilisikia. Alijibu ndiyo, na kwa miaka thelathini na saba hakulibadili jibu lake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Carine, Yolande na Aganze.

Vita vya 1996 na vya 1998 viliwakuta katika nyumba yao ya Nguba, mpaka wa nchi ukionekana dirishani. Papa Alphonse alizoea kusema kwamba mstari ule ulichorwa Ulaya na watu waliokuwa wamekaa vitini, na kwamba tangu siku hiyo waliosimama juu yake hawajapata kukaa. Alipenda nchi yake. Hakupenda kuambiwa amchukie nani ili upendo huo uonekane. Kwa sababu hiyo baadhi ya majirani walimwita mtu asiye na upande. Wengine, baadaye, walisema kinyume chake: kwamba ni yeye aliyemtuma mwanawe vitani. Isemwe leo mbele yake: hakumtuma, wala hakumlaani.

Mwanzoni mwa Februari 2025 nyimbo za kuwaita vijana walinde nchi zilikuwa katika kila simu. Aganze alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuja sebuleni akiwa tayari amevaa viatu.

"Papa, miaka yote unafundisha vita ya wengine. Hii iko yetu."

"Zote walituambiaka vile, mwanangu."

"Sasa nikae tu? Wakina Destin wa hapa mtaani watanicheka."

"Wakucheke. Mutu anachekwa na anazeeka."

Aganze alicheka mwenyewe, akamshika baba yake begani, akatoka. Alielekea Bunyakiri na vijana wengine wa mtaa. Siku chache baadaye mji uliangukia mikononi mwa upande mwingine. Zaidi ya hapo familia haijui neno.

Tangu wakati huo Papa Alphonse hakulifunga tena pazia la sebuleni. Presha iliyokuwa imenyamaza kwa miaka ilipanda, kisha figo zikachoka. Mara nyingine alikatisha mazungumzo, akasikiliza upande wa njia, akauliza, "Nani anasimama pale?" Hapakuwa na mtu. Mdogo wake, Papa Ezéchiel, alimwomba mara nyingi akubali mgomba ukatwe, mtoto alale na yeye alale. Kila mara alikataa. Alifariki hospitalini Ibanda, Jumanne tarehe 10 Machi 2026, asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Katika kikao cha familia jambo hilo lilirudi. Papa Ezéchiel, ambaye analia leo kama sisi sote na ambaye hatumlaumu, alisema: "Maman Carine, hatuwezi shusha baba mu udongo na mutoto wake anazunguka bila kaburi. Tuwazike wote wawili siku moja, ukoo upumue."

"Na kama iko njiani anarudi?" mjane akamuuliza.

"Mwaka nzima, Maman Carine?"

"Babu yenu alikawia zaidi."

"Watu watasema familia ya Prof haijue desturi."

"Waseme. Desturi tunaijua kuliko wao. Tunajua ilitufanyia nini."

Papa Ezéchiel aliinuka. Kisha akavaa kofia yake, akaenda mwenyewe kuwaambia wachimbaji: shimo moja.

Papa Alphonse Murhula ameacha mjane, Bibi Godelive, mdogo wake, Papa Ezéchiel, wajukuu wanne, na watoto watatu walio hai: Carine, Yolande na Aganze. Tunaomba wanaoandika na wanaosimulia wahesabu watatu. Na wewe Aganze, popote habari hii itakapokukuta, iwe Kamanyola au mbali zaidi, usigeuke. Hakuna aliyekuzika.

Baba yako apate leo utulivu ambao sisi tuliobaki bado tunaungoja.