Wigo Ambao Picha Haikuuona: Kumuaga Bi Jaswinder

Miaka thelathini na mmoja na siku kumi na mbili: huo ndio utumishi wa Bi Jaswinder Virdee katika ofisi yetu ya ruzuku za uhifadhi hapa London. Anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Machi, na Jumatatu kiti chake nitakikalia mimi, Soud. Mhariri wa jarida letu la ofisi ameniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila sitawaficha: naogopa.

Alizaliwa Nakuru, akakulia Southall, na Kiswahili chake hakijapata kutu. Alianza kwa kupanga mafaili, akapanda hadi kuwa mtia saini wa kaunti moja ya mashambani, ambako serikali huwalipa wakulima watunze nyigo, yaani nyua za miti hai zinazozunguka mashamba, madimbwi ya vyura na maua ya nyuki. Chini ya meza yake zimo buti za mpira zenye matope. Sisi wengine shamba tunaliona kwenye picha za setilaiti tu.

Desturi yake ni moja. Hatii saini barua ya kumnyima mtu ruzuku kabla hajampigia simu amwulize shambani kukoje leo. Simu zenyewe si fupi. Tumemtania miaka yote kwamba ng'ombe wa kaunti ile anawajua kwa majina, ilhali sisi wa meza ya pili hutuchanganya.

Miaka minne iliyopita, nikiwa mgeni wa kazi, picha ilinionyesha kwamba wigo wa mzee mmoja umetoweka. Ilani ya kwanza ikaenda. Nikaandaa na barua ya pili: arudishe ruzuku ya miaka mitano ndani ya siku sitini. Niliionea fahari barua ile. Bi Jaswinder akapiga simu mara tatu, haikupokewa. Kesho yake akavaa buti, akanipandisha treni.

Wigo ulikuwepo. Mzee alikuwa ameyakata mashina nusu na kuyalaza, kama wafanyavyo wakulima wa huko, ili yachipue upya na kusongamana. Picha ilipigwa wiki ile ile aliyoyakata. Jikoni kwake, kando ya ilani yetu, palikuwa na karatasi za dalali za kuuza shamba, zimebaki kutiwa saini tu. Simu alikuwa akiisikia. Hakuipokea kwa kuwa alijua ni sisi.

Njiani kurudi hakunigombeza. Alinikumbusha tu kwamba usilolijua ni usiku wa kiza, kisha akanigawia kababu.

Kuanzia Aprili, kompyuta yenyewe itatuma barua za kunyima ruzuku, mtia saini asipozizuia ndani ya siku tatu. Meza hii ina mafaili sitini na manne. Kompyuta siiogopi sana. Naiogopa siku nitakayochoka, nikaitazama picha, nikaona inatosha.

Ahsante, Bi Jaswinder, kwa wakulima uliowaokoa bila wao kujua, na kwa mimi uliyeniokoa nikijua. Buti ulizoniachia hazinitoshi, lakini hazitaondoka chini ya meza. Tunakuombea mapumziko marefu, magoti yasiyouma na wajukuu wanaokujibu kwa Kiswahili.

Ila nakuomba jambo moja. Jumatatu saa tatu asubuhi simu yako ikilia, tafadhali ipokee. Faili la kwanza nimeshalifungua, na wigo siuoni.