Vijungu Vitatu na Mti wa Shemeji

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, kati ya kinyozi na kibanda cha Fundi Saa. Mimi fundi viatu hukalia ncha ile inayocheza. Katikati hukaa Breki, dereva wa lori mstaafu, mwenye methali kwa kila jambo na hajawahi kuweka hata moja mahali pake. Kinyozi tunamwita Wembe, kwa ajili ya ulimi wala si kazi. Kahawa anamimina Shangazi, na ukimwita "muuza kahawa" unaondoka na kiu yako. Asubuhi hiyo Fundi Saa alitoka kibandani amekumbatia boksi la viatu kama lina mayai. Akatandika kitambaa anachofutia vioo vya saa, akapanga juu yake vyungu vitatu, hata kile kikubwa kikienea kiganjani. Ni vyungu vya bonsai, ile miti inayopunguzwa na kufungwa waya ibaki midogo. Anavifinyanga mwenyewe, miguu yake anaibandika kwa kibano cha saa, halafu anaviombea nafasi kwenye tanuri la wachoma matofali.

— Jamani, niokoeni, alisema. — Mke wangu ana mti wake, mwaka wa sita huu uko kwenye kopo la maziwa. Nimempelekea vijungu kumi na kimoja, vyote kavirudisha. "Ni vizuri, baba watoto, lakini hapana." Hapana tu! Sasa kopo limeoza kwa kutu, mti lazima uhamishwe leo. Akivikataa na hivi, anautia kwenye ndoo ya plastiki.

— Ya plastiki? Shangazi alishika kifua.

— Ya bluu.

Lilikuwa jambo zito.

Wembe ndiye aliyeanza. Alichukua kile cha duara, chenye kina, cha kijani kinachong'aa, akamiminia kahawa yake humo.

— Kinashikika vizuri, alisema. Kisha akaruka. — Mama yangu! Kinavuja!

— Si kina tundu la maji, we mtu! Fundi alikipokonya. — Ni cha mti hicho, si cha mdomo wako!

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Breki, akitazama suruali ya Wembe.

Fundi alikifuta kijungu chake, akakipindua, akanipa ile lenzi yake ya jichoni.

— Chungu kinasomwa chini. Tazama.

Nikatazama. Miguu minne, kila mmoja punje ya mchele, na penye kila mguu mistari ya kidole gumba cha Fundi imeganda kwenye udongo. Mimi maisha yangu yote natazama nyayo za viatu, najua huku chini ndiko fundi anakoonekana. Nilikipenda, nasema kweli. Nilisikia raha hadi nikasahau kurudisha lenzi.

— Mpelekee hiki, nilisema.

— Asipeleke! Wembe alikuwa bado anajipangusa. — Mti ni kichwa, chungu ni mtindo wa nywele. Ukikosea, mti unaona aibu. Ukiona aibu, majani yanapukutika. Nina wateja wengi wamepukutika hivyo hivyo.

— Hao umewanyoa vibaya, alisema Shangazi.

— Nyie hamjui mizigo, alisema Breki. Alinyooshea kidole kijungu cha pili, kirefu, cha rangi ya udongo, kina chake hakizidi kina cha kisahani. — Hiki ni trela. Mti ukikaa hapa unajiona uko tambarare, unatulia. Ukiutia kwenye kina, mizizi inadhani ni kisima. Itashuka, itashuka, mwishowe shemeji ataamka akute mti umetokea upande wa pili wa dunia.

— Kwenye kijungu cha vidole vinne? Wembe aliuliza.

— Mizizi ina akili! Hata huo udogo wa mti unatokana na chumba. Mimi nimelala kwenye kabini ya lori miaka ishirini. Mnaniona hivi? Nilikuwa mrefu.

— Ulikuwa mrefu lini, wewe? Wembe alicheka hadi akashika ubao.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Breki alijibu kwa hasira, na hakuna aliyeelewa.

Kijungu cha tatu hakuna aliyekigusa. Moto ulikuwa umekipinda, mdomo wake umeshuka upande mmoja kama mtu aliyesinzia.

— Hicho umekileta cha nini? Shangazi aliuliza.

— Sijui, alisema Fundi. — Nilitaka kukitupa, mkono ukakataa.

— Udongo unashika hasira, alisema Shangazi. Siku uliyokifinyanga ulikuwa umenuna. Ukikipeleka nyumbani, mtanuniana hadi mwaka ujao.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Breki. — Mwenzetu kaukunja udongo badala ya samaki.

Hapo alifika mama mmoja aliyevaa sare ya uuguzi, mkononi ana saa ndogo ya kubana kifuani, imesimama. Tulimsogezea nafasi. Fundi alipokea saa bila hata kuitazama, Wembe akamweleza kesi yote, na Breki akaongeza habari za kisima. Mama alisikiliza kwa heshima. Akavitazama vijungu kimoja kimoja, cha duara, cha trela, cha kupinda.

— Vizuri sana hivi, alisema. — Kwani mti wenyewe ukoje?

Wote tulimgeukia Fundi.

— Ni mdogo, alisema Fundi.

— Enhe. Una majani?

— Yapo.

— Umenyooka au umeinama?

Fundi alijaribu kuuonyesha kwa mikono. Akanyanyua mkono wa kulia hewani, akaushusha, akanyanyua wa kushoto.

— Uko dirishani, alisema kwa sauti ya chini. — Kila asubuhi nausogeza nipate mwanga wa kufinyangia.

Shangazi aliweka birika chini. Wembe akaacha kujipangusa.

— Nyumbani kwangu, Breki alisema, — kuna kitu kwenye kopo nyuma ya mlango. Sikumbuki kama ni mti au ufagio.

Fundi aliinuka.

— Na saa yangu? Muuguzi aliuliza.

— Saa isubiri, alisema Fundi Saa. Akachukua lenzi yake mkononi mwangu, akaondoka haraka, viatu vyake vikimpiga visigino. Vijungu aliviacha. Nyumba yake ni mlango wa tatu nyuma ya kinyozi.

Alirudi kahawa yake haijapoa. Alisimama katikati ya barabara, akainamisha mwili mzima kushoto, mkono mmoja juu ya kichwa, wa pili umeshuka hadi magotini. Mwenye baiskeli akampigia kengele, akamzunguka.

— Hivi! Umeinama hivi! Na hapa chini una tawi moja limejitenga, linashuka peke yake! Zuri, jamani! Zuri!

— Shemeji kasemaje? nilimuuliza.

Alijibu hivyo hivyo, hajajinyoosha.

— Kasema miaka sita nampelekea vyungu vyangu avitazame, leo ndiyo nimeenda kuutazama mti wake. Nikainama nikautazama tena. Ndipo mwenyewe akacheka. Kasema nilete vijungu vyote, tujaribu pamoja.

Muuguzi alikiinua kile kilichopinda kwa vidole viwili, akakielekeza kwa Fundi. Mdomo ulioshuka ulikuwa upande ule ule wa tawi.

Breki alimaliza kikombe chake.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema.

Tulimgeukia wote tumcheke, kama kawaida yetu. Kisha tukamtazama Fundi pale barabarani, ameinama, anacheka, machozi yakimlengalenga. Wembe akakohoa. Shangazi akachukua kikombe cha Breki, akakijaza tena bila kuombwa.