Mama Salome Nerima Wakoli (1971–2025) na Kiti cha Mzee Opicho

Mama Salome Nerima Wakoli alizaliwa tarehe 3 Mei 1971 katika kijiji cha Kimaeti, Bungoma, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Zakaria Wasike na marehemu Ruth Muhonja. Alizaliwa mchana, watu wakiwa shambani, na mama yake alipenda kusema kwamba ndiye mtoto wake pekee aliyekuja duniani bila kumwamsha mtu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka 1989. Akiwa darasa la tano, mwalimu alimpekua mfukoni akakuta vipande vya chaki vya kujaza kikombe. Hakuwa mwizi. Alikuwa akiviokota chini ya ubao, akavisaga, akavikoroga na maji, akapaka kigoda cha mama yake. Mvua ya kwanza iliondoka na rangi yote. Alichapwa kwa sababu ya chaki, akachapwa tena kwa sababu ya kigoda, na hakukoma.

Januari 1991 alifika Nairobi, akapokelewa na shangazi yake, Ayuma, mtaani Shauri Moyo. Mwaka huo huo aliajiriwa katika kiwanda cha rangi, akachanganya rangi kwa miaka kumi na saba hadi wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 2008.

Katika kwaya ya kanisa mtaani Jericho alikutana na Isaac Wakoli, karani wa reli, aliyekuwa akiimba sauti ya nne vibaya. Salome ndiye pekee aliyethubutu kumwambia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1994, wakajaliwa watoto wawili, Whitney na Wasike. Waliishi Jericho, katika nyumba aliyoipanga baba mkwe wake, Mzee Yohana Opicho, alipokuwa mfanyakazi wa baraza la jiji. Mzee alipostaafu na kurudi Kimilili, aliacha kiti chake cha mvule sebuleni, ili akija mjini akute mahali pake. Hakuna mwingine aliyekikalia.

Kazi iliyomjengea jina Mama Whitney ilianza mwaka 2010. Bi Fartun, mwenye duka la samani Eastleigh, alimwonyesha picha ya kabati kwenye simu akamwambia, "Nataka kama hii. Ionekane imeishi na watu." Salome alichukua rangi ya maji, akatia unga wa jasi, ule wa mafundi wa dari, akapata rangi inayokauka bila kung'aa, laini kama unga. Alipaka, akapiga msasa kwenye kingo hadi mbao zikachungulia, akamalizia kwa nta. Kabati la wiki moja likaonekana limekaa kwa nyanya miaka hamsini. Obura, seremala wake wa Shauri Moyo, alimcheka. "Mathe, mimi napiga msasa ndio ikae mpya, na wewe unapiga ndio ikae mzee?" Alicheka mpaka oda zilipoanza kuja, kisha akanyamaza akatengeneza makabati. Kizuri chajiuza.

Ila hata fundi hodari hukosea, na yeye mwenyewe asingependa tulifiche kosa lake. Agosti 2012 Mzee Opicho alikuwa anakuja Nairobi kutibiwa macho. Salome, kwa kutaka kumfurahisha, alikipaka kile kiti rangi ya samawati iliyopauka, akakisugua kingo zote kikawa cha kupendeza. Kwetu mke wa mwana hakalii kiti cha baba mkwe, seuze kukikwaruza. Mzee aliingia, akakitazama, akanywa chai yake akiwa amesimama. Zile mbao za kuegemezea mikono alikuwa amezilainisha kwa viganja vyake kwa miaka arobaini na mitano. Aliuliza polepole, "Mama Whitney, alama za mikono yangu umezipeleka wapi?"

Ndipo Salome alipotambua kosa lake. Alikuwa amekizeesha kiti kilichokwisha kuzeeka chenyewe. Kwa siku tisa aliitoa rangi ile yote, akakipaka nta tupu, akakisafirisha Kimilili. Mzee alijibu kupitia kwa mwanawe: "Mwambie nimekipokea." Hakusema zaidi, wala hakukanyaga Jericho tena. Salome hakujua kama anakikalia au amekitupa stoo, na kwa heshima hakuuliza. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote, na sisi wa nyumbani tulilijua.

Tangu siku hiyo hakugusa samani ya mtu kabla ya kuuliza, "Hapa hukaa nani?" Palipolika kwa mkono au mgongo wa mtu, alipaziba kwa utepe, akapaka kandokando. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kwa ajili ya sehemu zile ambazo hakupaka. Aliwafundisha kina mama tisa wa Jericho kazi hii, na wote leo wanakula jasho lao. Tunajivunia sana.

Machi 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa kwa mwaka mzima, akiendelea kupaka viti vidogo akiwa ameketi. Pasaka ya mwaka huu alimtuma Whitney Kimilili na ombi moja: akiangalie kile kiti. Whitney alituma picha. Kwenye mbao zote mbili, pale viganja hutua, palikuwa pameng'aa upya. Mama Whitney aliivuta picha ile kwa vidole hadi zile mbao zikajaa kioo cha simu. "Hiyo si msasa," akasema. "Hiyo ni mikono." Akalia, na sisi tukalia naye. Alifariki nyumbani Jericho, Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Amemwacha mumewe, Isaac Wakoli. Watoto wake, Whitney na Wasike. Ndugu zake wanne. Na shangazi Ayuma. Amemwacha pia baba mkwe wake, Mzee Yohana Opicho, mwenye miaka tisini na miwili. Wasifu huu ukiwa karibu kuchapishwa, Mzee alipiga simu kusema kwamba siku ya mazishi hataki kiti cha plastiki cha hemani. Chake kitolewe nyumbani, kiwekwe karibu na jeneza. "Mtoto huyu alingoja miaka kumi na mitatu kujua kama ninakikalia," alisema. "Siku hiyo nitakikalia mbele yake, mpaka mwisho."

Mungu amlaze Mama Whitney palipo na amani, apumzike.