Damu Yangu Ilipomtetea Mama Cheruto

Sifa zote ni zake Bwana, ndugu zangu! Ninyi mnaonyeshewa mvua pale mlangoni, sogeeni ndani, tukibanana tutatosha. Mimi ni Mama Moraa. Nimezaliwa Kisii, nimeolewa na Onchiri, na sisi wote wawili ni wachumaji wa majani ya chai hapa kambini. Wengi mnanijua kwa mdomo wangu. Leo nimesimama kwa sababu ya huo mdomo, na kwa sababu ya mikono hii. Iangalieni. Vidole vimepinda kidogo, sivifichi.

Nilikuwa mchumaji hodari, jamani! Naingia shambani umande haujakauka, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili inakwenda, na kikapu kinajaa wakati wenzangu bado wanafunga kamba. Na nilijivuna. Nilikuwa nikiwacheka wale wa polepole.

Halafu Mungu akanipa mtoto, huyu Moraa, kifungua mimba wangu. Jirani yangu mlango wa pili ni Mama Cheruto, Mkipsigis, kwao ni Kimulot. Nilipojifungua alikwenda kwao kwa miguu, akarudi na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kulala, yanayogandia kibuyuni. Nikamimina kwa kikombe, nikaona yana rangi ya majivu, na vitu vidogo vyeusi vinaelea. Kwetu sijawahi kuona maziwa meusi! Niliona haya kukataa. Nikanywa, nikasema ni matamu, na kweli yalikuwa matamu.

Moraa alipofikisha miezi mitatu, vidole vikaanza. Nikiamka asubuhi mikono imekakamaa, siwezi kufunga ngumi, siwezi kuifungua, mpaka jua lipande. Viungo vya mkono wa kulia vimevimba, vya kushoto navyo vivyo hivyo, kama vimeambiana. Ndugu zangu, mtoto analia njaa, maziwa yananimwagikia kwa nguo, na mimi siwezi kumwinua! Nilikuwa nikimsukuma kwa viwiko mpaka afike kifuani. Nililia kuliko yeye.

Na je, niliomba? Sikuomba. Nilikwenda kwa mganga. Akanichanja viganja kwa wembe, akaweka pembe, akanyonya damu akaitema kwa jani. Akatazama akasema, umelishwa kitu cheusi na mtu wa karibu. Yeye hakutaja jina. Jina nililitaja mimi! Nilikumbuka yale maziwa, nikatoka pale na hasira.

Kesho yake nikaenda bombani, pale wanawake wote wanapoteka maji, nikasema. Nilisema kwa sauti. Maneno hayana miguu lakini yanafika, na kabla ya jioni kambi nzima ilijua kwamba Mama Cheruto ni mchawi. Akija bombani, wanawake wanaondoka na ndoo tupu. Cheruto mdogo akakosa wa kucheza naye. Siku moja mama yake alikuja mlangoni kwangu, akauliza polepole, “Mama Moraa, nimekukosea nini?” Nilimfungia mlango kwa goti, maana mikono haikuweza.

Nyapara wetu akaona kambi inataka kuwaka moto. Akamwambia mume wa Mama Cheruto wafunge vitu vyao, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wawe wametoka. Mume wake ni mlinzi wa kiwanda, na kutoka kambini ni kuacha kazi. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi! Nitawadanganya vipi ndani ya nyumba ya Mungu?

Lakini mikono haikufurahi. Ilizidi. Baba Moraa akaniambia twende hospitali ya kampuni, nikakataa kabisa. Mnajua maneno ya kambini: wale wanatoa damu ya watu, wanaipeleka Nairobi, na mtu akitolewa damu harudi alivyokuwa. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Akanitazama, akasema, “Pembe ya mganga uliipa damu, hukuuliza inakwenda wapi. Sindano ndiyo inakushinda?”

Basi tukaenda. Nikakalishwa kwenye benchi chini ya picha ya yule Malkia kijana wa Uingereza, namwomba Mungu nisife. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mungu, ndugu zangu, baada ya kuwazunguka wengine wote. Dresa, yule msaidizi wa daktari, alikuwa kijana Mkipsigis, mpole. Kwanza hakugusa sindano. Aliminya kidole kimoja kimoja, akauliza asubuhi mikono inachukua muda gani kulegea. Kisha akatoa damu kidogo tu. Nusu akaitia kwenye chupa, nusu akaivuta ndani ya mrija mwembamba wa kioo, mrefu, akausimamisha wima, akaniambia tungoje saa moja.

Nilikaa naitazama damu yangu. Ile nyekundu ikaanza kushuka, juu ikabaki maji ya njano. Dresa akarudi, akasoma alama, akatikisa kichwa. “Mama, damu ya mtu mwenye afya inashuka polepole. Yako imekimbia. Hii inatuambia kuna moto ndani ya mwili, lakini haituambii ni moto gani. Hiyo nyingine itakwenda Nairobi.”

Akauliza ilianza lini. Nikamweleza habari ya maziwa meusi, nikashusha sauti. Yule kijana akaweka chini chupa aliyoshika. Akasema, “Mama, hayo ni makaa ya mti. Ndiyo tunasugulia kibuyu ndani, maziwa yakae vizuri. Mimi nimenyweshwa hayo tangu nikiwa mtoto.” Akanyoosha mikono yake mbele yangu, akafunga vidole, akafungua, akafunga, akafungua.

Mnadhani niliamini? Nilijiambia, huyu ni wa kabila lake, lazima amtetee. Ndugu zangu, moyo ukishakuwa mgumu unashinda hata vidole vyangu! Nikarudi nyumbani na vidonge vya aspirini, na neno langu sikulirudisha.

Wiki zikapita, na ile Jumamosi ikakaribia. Ijumaa yake nikaitwa hospitali. Daktari Mzungu alikuwepo na karatasi ya Nairobi, na dresa anatafsiri. Kumbe kule damu yangu ilikuwa imechanganywa na chembe za damu ya kondoo! Msiniulize kondoo wa nani, sijui. Zile chembe zikashikamana, na zikishikamana hivyo ni dalili ya ugonjwa wa viungo, ambapo mwili unajipiga wenyewe. Daktari akasema damu peke yake haitoshi, kwa sababu kuna wagonjwa ambao damu yao haionyeshi kitu, na kuna wazima ambao damu yao inashikamana. Lakini akiweka pamoja vidole vyangu, asubuhi zangu, ule mrija na hii karatasi, hana shaka tena. Akasema kwao Uingereza ameona mikono kama hii kwa akina mama wengi, na mara nyingi huanza miezi michache baada ya kujifungua. Hakuna aliyenilisha kitu.

Nikaishika ile karatasi kwa viganja viwili. Mtu wa Nairobi aliyeiandika hanijui. Hamjui Mama Cheruto, hajui kabila lake wala langu, hajasikia habari ya maziwa. Aliona damu tu, na damu yenyewe ikasema ukweli ambao mdomo wangu ulikataa kusema. Nilivunjika, ndugu zangu! Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya hospitali, nikasema, Bwana, nisamehe, nimemwua mtu akiwa hai. Na nikasikia moyoni, wazi kabisa: usiniambie mimi peke yangu.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja pale wanapopima majani, kwa sababu jioni kambi yote iko pale, vikapu vimepangwa foleni. Mama Cheruto alikuwa mwisho, peke yake, kama kawaida ya siku zile. Nikasimama karibu na mizani, nikapaza huu mdomo. Nikasema, “Wanawake wenzangu, mimi ni mwongo. Ugonjwa wangu una jina, umeonekana ndani ya damu yangu, na haukutoka kwa mtu. Huyu mama aliniletea chakula cha uzazi, nami nikamlipa kwa uchawi wa maneno. Nyapara, kama kuna mtu wa kutoka kambini kesho, nitoke mimi.”

Hata karani wa mizani aliacha kuandika. Mama Cheruto akatua kikapu chake. Akaja, akasimama mbele yangu, na mimi nilifikiri atanipiga kofi, na ningelipokea. Akasema, “Ulinisema mbele ya watu, na umerudi mbele ya watu. Basi.” Akanitazama mikono. Machozi yakamjaa. Akasema, “Mtoto yuko wapi? Mlete, wewe huwezi kumbeba.”

Ndugu zangu, nikafunguliwa saa ile! Nyapara akafuta amri yake, hawakuhama. Vidole bado vinauma, nawaambia ukweli. Nameza aspirini, nalala na vibao vya kunyoosha mikono, siku mbaya nachuma kidogo na wale wa polepole niliokuwa nawacheka wananingoja. Lakini ule uchungu wa moyo, Bwana ameuondoa wote.

Namshukuru Mungu aliyetumia hata mrija wa kioo kunitafuta. Na wewe unayenisikia, kama kuna jirani umempa jina baya kwa sababu unaumwa na hujui kwa nini, mtegemee Bwana, wala usiogope kupimwa. Ukweli hautakuua. Ukiujua, nenda ukauseme pale pale uliposema uongo.

Mama Cheruto yuko pale, benchi ya tatu. Simama, mama, wakuone! Hataki. Anasema Moraa amelala mapajani mwake.