Historia ya Mama Hesabu na Sindano ya Kumi na Nane

Elfu arobaini na tano zilikuwa mezani, na mama wa duka la vitambaa alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha marehemu cha tiba ya sindano, akipaza sauti mtaa mzima usikie, kwamba usoni mwake zimeingia sindano kumi na nane na zimetoka kumi na saba, na marehemu akamrudishia fedha zake zote palepale, akamwomba waende wakapige picha ya eksirei kwa gharama yake, mama huyo akakataa. Wengi wenu mliisikia habari hiyo, kwa hiyo familia imeona ianze nayo, ili tukiifikia tena asiwepo wa kunong'ona.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mshona nguo, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu wa kiume, fundi seremala aliyejifunza kazi kwa kuharibu mbao, ambaye ndiye anayewasomea, na ambaye hajui kuzungusha maneno.

Alianza shule ya msingi Januari 1974, akamaliza sekondari mwaka 1984, akasomea uuguzi miaka mitatu, na tarehe 1 Februari 1988 akaajiriwa katika wodi ya majeraha ya moto, ambako aliletewa pia wanawake waliobabuliwa nyuso na mkorogo wa kujichubua, jambo lililomkaa rohoni. Tarehe 5 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mkimya aliyezoea kuona hata vijiko vya nyumbani vikihesabiwa, wakajaliwa binti, ambaye ni mwalimu, na kijana, ambaye ni dereva wa lori.

Mwaka 2000 alijiunga na chuo cha tiba ya sindano, akahitimu Novemba 2002, na tarehe 13 Januari 2003 akafungua chumba chake juu ya duka la dawa, chenye kitanda kimoja kilichotengenezwa na mdogo wake, ambaye alicheka mpaka akakaa chini alipoambiwa kwamba watu watalipia kuchomwa sindano usoni. Walilipia. Marehemu hakuuza miujiza, aliyetaka kupunguziwa miaka ishirini alielekezwa kwa mpiga picha, kwani sindano hizo, nyembamba kama unywele, alisema huchangamsha damu na kulegeza taya lililokazwa na mawazo, ngozi ikapata nuru yake yenyewe, pengine na alama ya bluu ya siku mbili tatu, na anayepaka mkorogo asipande kitandani mpaka auache. Alihesabu kwa sauti akichoma, mteja akahesabu kwa sauti zikitoka, idadi zote mbili zikaandikwa daftarini, ndipo akaitwa Mama Hesabu.

Kwa miaka kumi na tisa daftari hilo halikupungukiwa sindano hata moja, mpaka tarehe 17 Oktoba 2022, siku ya kelele za mlangoni. Mdogo wake, kwa hasira zake, alikwenda dukani kumwita mama wa vitambaa mwongo mbele ya wateja, na marehemu alipopata habari akamrudisha akaombe radhi mbele ya watu walewale, akimwambia, "Hujui sindano iko wapi, na mimi sijui." Akaenda, akaomba, meno yameumana. Uvumi ukasema sindano inatembea kuelekea jichoni, wateja wakapungua, lakini si hilo lililomnyima raha dada yetu, bali hofu kwamba huenda kweli amemwachia mtu chuma usoni.

Aprili 2023 aliugua figo, akalazwa. Tarehe 3 Agosti mdogo wake alikwenda kufungua kitanda ili chumba kirudishwe kwa mwenye nyumba, akabandua ngozi ya mto wa kichwa, akachomwa kidole gumba, akatukana, mtatuwia radhi, kisha akatazama vizuri: sindano, imezama ndani ya sponji mpaka kwenye kishikio. Aliipeleka hospitali ndani ya kopo la vidonge. Marehemu aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akasema, "Kumi na nane," na pumzi aliyoishusha hapo tuliisikia sote. Tangu siku hiyo alikula, alitania wauguzi, na tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, alituacha, taya limelegea, uso wake mwepesi kuliko tulivyouona mwaka mzima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, wauguzi wenzake wa zamani, na mwuza dawa wa chini aliyepokea wateja wake kwa heshima.

Lala salama, dada, hesabu yako imetimia.

Mama wa duka la vitambaa yupo hapa, safu ya pili, na tunamshukuru kwa kuja. Jana alionyeshwa sindano, akasema basi yaishe. Hayajaisha. Mdogo wa marehemu aliomba radhi mbele za watu, na sasa familia inadai zamu ya mama huyu: asimame, na kwa sauti ileile ya mlangoni aseme kwamba zilitoka kumi na nane, aseme sasa, kabla jeneza halijainuliwa.