Deli la Bluu na Sampuli ya Februari

Rahabu, binti yangu, alifariki Aprili mwaka jana akiwa na mimba ya miezi saba. Tulizika wawili kwenye jeneza moja. Nimeanza na hilo lisije likamezwa na salamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa idara, wazee wangu wa Nkende, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, na wewe Bwana Afya Telesphory tunayekuaga leo, habari za mchana.

Mimi Simioni Nchagwa niliishia darasa la saba, nikaanza na friza moja ya mtumba. Leo ninazo sita, nauza barafu. Wafanyabiashara wenzangu wamenituma nimsifu Telesphory, nami namsifu kwa hesabu. Miaka minne, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, alinunua barafu kwangu, akaijaza kwenye deli la bluu, sanduku pekee la idara la kutunzia ubaridi, akateremka mtoni chini ya kambi ya wachimbaji dhahabu kuchota sampuli ya maji. Maabara ilitafuta humo virusi vya homa ya ini na vya kuharisha, ili tuonywe kabla hatujaugua. Miezi arobaini na minane, sampuli arobaini na saba.

Ipi ilikosekana? Ya Februari mwaka jana. Barafu niliuza kama kawaida, kisha nikaenda kwenye uzinduzi wa kisima, nikalikuta deli pale, limejaa soda. Isack, dereva wa idara, akanicheka: "Mzee Simioni, deli limepanda cheo. Leo linahudumia wakubwa." Telesphory alikuwa amekataa kulitoa. Kamati ya sherehe ikalichukua na kumjibu, "Bwana Afya, mto hauhami. Utaenda mwezi ujao."

Alienda Machi. Majibu yakarudi: virusi vya homa ya ini vimo. Tukaanza kuchemsha maji, lakini Rahabu alikuwa ameshayanywa, na homa ile haina huruma kwa mjamzito. Je, sampuli ya Februari ingevionyesha? Hakuna atakayejua. Mto hauhami, ni kweli. Ila maji ya Februari yalishaingia ziwani, yakaondoka na jibu langu.

Telesphory, ulikaa msibani kwangu siku mbili, hukujitetea hata kwa neno. Nenda salama Bukoba, ukapumzike.

Sasa, Mheshimiwa, chungulia chini ya meza kuu. Soda mnazokunywa zimetoka kwenye deli hilohilo. Msiziweke chini, limeoshwa. Lakini leo ni Jumatatu. Kesho asubuhi Christina, anayeshika nafasi ya Telesphory, anatakiwa mtoni, na kamati imeshaliomba tena deli, safari hii kwa mahafali.

Barafu ya Christina nimeshaigandisha. Kesho deli litabeba maji ya mto, au soda? Nataka jibu lako mwenyewe, hapa, kabla ya saa kumi, gari lako halijawashwa.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa ni zamu ya yangu, nami nitasikiliza nikiwa nimesimama.