Mkono Niliouficha Ndani ya Khanga

Ndugu zangu wa Suji, Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu, ni mimi Mama Eliamini, yule yule mbishi mnayemjua.

Mnajua niliugua ukoma. Dawa nilipewa bure, na baka la shavuni lilikuwa linafifia. Mwezi wa nne wa dawa likavimba, likawa jekundu kama nyanya. Kiwiko cha kulia kikauma hadi kwenye kidole kidogo. Nikasema, dawa imenigeuka! Vidonge nikavificha kwenye debe la mahindi, nikamwambia Mungu amalize mwenyewe. Ndugu zangu, ile haikuwa imani. Ulikuwa woga tu.

Likapigwa baragumu la msaragambo, tukazibue ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kwetu asiyefika kwenye kazi ya wote huulizwa anaumwa nini. Nami sikutaka kuulizwa! Nikaenda, mkono nimeuviringisha khanga. Pigo la tatu tu, jembe likaniponyoka, likatua karibu na mguu wa wifi yangu Nakijwa. Vidole havikushika. Nililia mbele ya watu wote. Mimi ni mjane, na mkono ule ndio unaolima tangawizi inayotulisha.

Nakijwa hakurudi nyuma. Alinifungua khanga, akautazama mkono, akasema, "Wifi, tunashuka hospitali ya Same sasa hivi, na matope yetu haya haya."

Muuguzi alinigusa baka, akabonyeza kiwiko, akaniambia nibane karatasi kati ya vidole. Ikachomoka.

"Mama, dawa haijakugeuka," akasema. "Mwili wako unapigana na masalia ya vijidudu, na vita hiyo inaumiza mishipa ya fahamu. Dawa za ukoma endelea nazo. Hizi nyingine ni za kutuliza vita, usije ukaziacha ghafla."

Nilimeza kwa miezi, kila nikishuka napimwa nguvu ya mkono. Maumivu yakaisha. Vidole vikarudi, kimoja baada ya kingine! Haleluya!

Kidole kidogo kimebaki kimepinda, mnakiona. Hicho ni cha zile siku nilizojificha.

Asante Mungu wangu, asante wifi yangu. Nawe unayenisikiliza ukiwa umefunika kitu chini ya nguo, mtumaini Bwana ukiwa njiani kwenda hospitali. Kama unaogopa kwenda peke yako, nisubiri pale mlangoni baada ya ibada. Tutashuka wote, nami nitakushika kwa mkono huu huu.